Jino na Meno

Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
natengeneza vyerehani.
Mwaka wa tisa sasa kila ugonjwa naupa ukurasa
katika daftari langu la ndani ya kompyuta:
mwenye mashine, kilichovunjika, kilicholipwa,
na kila ukurasa umeshika mkono wa mwingine,
bobini kwa mkanda, mkanda kwa pedeli,
ukiuvuta mmoja unakuja ukoo mzima.

Ila kutafuta.
Naandika "uzi", linaniletea uzi.
Nyuzi halizijui.
Naandika "jino", meno yamekaa kimya
kama wageni walioitwa kwa jina la jirani.
"Hakuna kilichopatikana," linasema,
kwa adabu ya karani aliyekwisha funga dirisha.
Na mimi najua kipo! Nilikiandika mwenyewe,
vuli ile, umeme ukienda ukirudi,
mkono mmoja una grisi.

Semeni, binti wa dada yangu, akaja likizo na miwani yake.
"Mjomba, hili limesomeshwa lugha ya wenzetu.
Kwao neno hukua mkiani.
Letu hubadili kilemba."
Akakata viambishi vyote kwa siku moja,
akaninyoa lugha.
Nikatafuta "kitabu", kile cha vipuri, jalada la kijani,
zikaja tabu.
Tabu zote! Tabu ya mota iliyoungua, tabu ya kodi ya fremu,
tabu ya mwaka ule nilipouza baiskeli.
Nikatafuta "kuku", ikabaki "ku",
na kila nilichowahi kutaka kufanya
kikasimama mlangoni.
Tulicheka hadi chai ikapoa.

Akaanza upya, polepole,
kama anayefumua mshono bila kujeruhi kitambaa.
Akaniuliza neno kwa neno.
Ufunguo? Funguo.
Wembe? Nyembe.
Mshono, ukishona, aliyeshonewa: wote mlango mmoja.
Kitabu? Kiache na kilemba chake.
Hata "mashini" nilizoandika nikiwa na haraka
akazikubali kuwa ndugu wa mashine.

Jumapili usiku nikaandika "jino".

Zikaja kurasa mbili ambazo hazikuwahi kuonana.
Ya kwanza: "Jino la kusukuma kitambaa, Bi Riziki Mnkande,
Makorora. Elfu kumi na nane. Kalipa Jumanne."
Ya pili: "Meno, cherehani ya Mnkande.
Elfu kumi na nane. Nimemkumbusha. Kalipa Ijumaa."
Mashine moja. Wiki moja. Miaka sita iliyopita.
Umoja na wingi wamepanga nyumba moja
hawajasalimiana,
na katikati yao mjane wa watu
akalipa mara mbili.

Nilikaa. Feni ilikata hewa ileile.
Kwa dakika chache, nisiseme uongo,
nililitamani lile daftari bovu.

Asubuhi, Makorora. Bi Riziki hakushangaa.
Alivuta daftari la shule kutoka chini ya godoro,
akalowesha kidole ulimini,
kurasa tatu, akafika.
"Hii hapa. Ijumaa. Nimeandika: fundi kasahau."
"Kwa nini hukusema?"
"Ulikuwa na uso wa mtu anayedaiwa."
Akahesabu noti zangu, moja moja, juu ya meza ya cherehani,
akanirudishia elfu mbili.
"Sindano ulizonipa Mfungo Mosi. Hukuandika hizo?"

Sikuandika.
Hakuna werevu wa kutafuta
utakaozileta sindano zile.

Nimerudi dukani, nimefungua ukurasa mpya:
"Deni la Bi Riziki, limelipwa."
Nawaza siku nitakapolihitaji
nitaliita kwa neno gani,
na mkono wangu utakuwa na haraka gani.
Semeni amesema nisihangaike, sasa linajua.
Hata hivyo, chini yake, kwa herufi ndogo,
naongeza: madeni.